Makome ya Nguzo ya Saba

9 Machi 1993

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, maana nikianza na maswali utasema dada amekushika shati kabla hujakaa. Huku tu wazima wa kujikongoja. Shemeji yako mgongo umemrudia na analala sakafuni, anasema godoro ndilo lililomharibu. Mwanangu ameingia darasa la sita na mwandiko wake bado wa kuparura. Mimi nina sare za shule tisini za kumaliza kabla muhula haujafunguliwa, na cherehani imeanza kuruka nyuzi. Nimeisogeza dirishani, karibu na kitanda cha Mama, ili tupige soga nikishona.

Sasa soga zenyewe hamna. Mama aliondoka hapa akisema anakaa kwako wiki mbili. Amerudi siku ya tano. Kikapu alichotoka nacho kimerudi kitupu, hata ile kanga ya kufunikia hamna. Nikamuuliza, "Mtoto mzima?" Akasema, "Mzima, yuko kazini." Nikamuuliza ufukwe ukoje. Akasema, "Msafi." Basi. Tangu siku hiyo jina lako halijamtoka mdomoni, na wewe unajua alivyokuwa akikutaja mpaka majirani wakachoka.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, ananiambia siku hizi mtu akiokota hata kome moja ufukweni anashikwa. Nikamwambia anatia chumvi. Wewe ndiye mlinzi wa huko, niambie: ni kweli? Na uniambie Mama alikuwa na nini alipokuwa kwako. Usinipige chenga.

Dada yako


2 Aprili 1993

Dada,

Barua yako ilikaa ofisini siku nane kwa sababu anayegawa barua alikuwa likizo. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mpe pole shemeji, mwambie ajaribu ubao chini ya godoro. Mimi afya ninayo. Tumebadilishiwa sare, sasa ni za kijani na zinachuja rangi mpaka shingo inabaki na pete.

Umeuliza kuhusu makome. Mwalimu huyo hatii chumvi. Ufukweni kuna nguzo za mpaka zenye namba. Ndani ya hifadhi, kuanzia nguzo ya kwanza hadi ya kumi na mbili, hakiruhusiwi kuondolewa kitu chochote cha asili: makome, simbi, matumbawe, mchanga, mawe, hata gogo lililoletwa na maji. Watu hutuambia, "Lakini hili ni tupu, mwenyewe alishakufa." Tunawaeleza kwamba kuna kaa asiye na gamba la nyuma, anayeishi kwa kuhamia kwenye kome tupu. Asipolipata analiwa. Na makome yakivunjikavunjika ndiyo mchanga wenyewe. Kwa mwaka tunapokea wageni elfu arobaini; kila mmoja akiondoka na moja tu, hesabu mwenyewe. Nje ya nguzo ya kumi na mbili, upande wa kijiji, mtu anaruhusiwa kuokota yaliyo matupu, ya kujaa mkono mmoja. Kwa hiyo jibu ni kwamba inategemea umesimama wapi.

Mama alikuwa hajambo. Nadhani safari ilimchosha na joto la huku hakulizoea. Je, amesema chochote?

Mdogo wako


20 Aprili 1993

Kitinda,

Nimekusoma. Nilikuuliza habari za mama yako, ukanijibu habari za kaa.

Jana nilitandua kitanda ili nifue mashuka. Chini ya mto nikakuta karatasi ya njano imekunjwa mara nne, imeanza kulegea kwa kushikwashikwa. Ina jina la Mama. Ina alama ya kidole chake. Ina sahihi, na sahihi hiyo naijua kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, mezani kwa Baba, ukiwa na miaka mitano na makamasi. Imeandikwa: makome saba, mawili yakiwa na matundu. Mahali: nguzo ya saba, hatua thelathini kuelekea nchi kavu. Na kule chini, palipoandikwa "Kusudio," umeandika neno moja. Biashara.

Mama yako mwenye miaka sabini na mbili. Biashara ya nini?

Nilipomwonyesha ile karatasi alininyang'anya. Kitinda, hajawahi kuninyang'anya kitu maishani mwangu. Akairudisha chini ya mto, akageukia ukutani. Chakula anakula vijiko vitatu, anasema kimemkaa kooni. Salamu za watu wa nyumbani utazipata ukinijibu kama mtu.

Dada yako


11 Mei 1993

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Tunakaa wanne chumba kimoja na kila nikitoa karatasi kuna anayeuliza namwandikia msichana gani.

Nitakueleza ilivyokuwa. Siku ya tatu Mama alisema anataka kutembea ufukweni peke yake. Nilikuwa nimechelewa zamu. Nilimpeleka mpaka kwenye benchi la karibu na ofisi, nikamwambia apumzike, nitamchukua saa kumi. Sikumweleza kanuni. Kila siku nawaeleza wageni, nina maneno yake kichwani kama nyimbo za shule, na mama yangu sikumweleza. Nilidhani atakaa tu aangalie maji.

Saa kumi kasoro akaja getini na foleni ya wageni, kikapu mkononi, kimefunikwa kanga. Pale getini kuna meza ndefu na beseni, kila mtu anafungua mzigo wake. Mwezi uliotangulia mwenzetu mmoja alifukuzwa kazi kwa kumpitisha shemeji yake na gunia la matumbawe, na tangu hapo mkuu wa kituo alikuwa anasimama nyuma yetu zamu nzima. Alikuwa anajua yule ni mama yangu. Alikuwa ananiangalia mimi, si yeye.

Nilimwambia, "Mama, fungua kikapu." Akaniangalia kama hajanisikia. Nikarudia. Akafungua.

Kama yangekuwa makome matupu tu ningemwonya na kuyamwaga kwenye beseni, yangeishia hapo. Lakini mawili yalikuwa yametobolewa, na tumefundishwa kwamba kome lenye tundu ni la shanga, na la shanga ni la kuuza. Nikamuuliza mbele ya watu, "Mama, unataka kwenda kuuza?" Akaishika kanga. Nikamuuliza tena ameyatoa wapi. Akasema, "Pale nguzo ya saba, hatua thelathini kuelekea nchi kavu." Hakusema lingine. Kama angesema neno, Dada, neno lolote. Nikaandika nilichofundishwa kuandika. Kanuni inataka fomu isomwe kwa sauti, nikamsomea. Nikamshika kidole nikakichovya kwenye wino, nikampa nakala yake ya njano. Kanga ililowa maji ya bahari ndani ya beseni, nikasahau kumrudishia.

Fomu ya biashara jina linabandikwa kwenye ubao wa getini mwezi mzima. Nililibandika mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alikuwa amefunga mizigo. Nikamsindikiza kwenye basi. Aliniambia nile vizuri.

Siwezi kusema nilikosea kazi. Ningempitisha yeye, wa kesho ningemwambia nini? Lakini silali. Niombee msamaha kwake. Kuna makome mengi yanaruhusiwa, nje ya nguzo ya kumi na mbili, si mbali na lile benchi. Kama angetaka ya kupambia dirisha ningempeleka nimwokotee mwenyewe.

Kitinda


6 Juni 1993

Mdogo wangu,

Sikuweza kumsomea Mama barua yako yote. Nilisoma mpaka kwenye benchi, nikajifanya macho yameniuma.

Amedhoofika. Daktari amempima, ameuliza umri, kisha amempa vidonge vya kumtia hamu ya kula, na vidonge vyenyewe hataki. Nashona nikimtazama kwa jicho moja. Juzi nimeshona mikono ya shati moja yote upande wa kulia.

Nilikula kiapo mbele ya Mama kutosema hili nikiwa na miaka kumi na miwili. Leo nakivunja, na nitamwambia nimekivunja.

Mimi si mtoto wa kwanza. Kabla yangu kulikuwa na msichana. Mama akimtaja kwangu humwita Mkubwa. Baba na Mama waliishi huko unakofanya kazi walipokuwa vijana. Baba alikuwa mwashi, akijenga nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi. Mkubwa alishikwa na homa akiwa na miaka mitatu, siku nne tu, akaondoka. Walimzika kwenye makaburi madogo nyuma ya ufukwe. Baba hakuwa na uwezo wa jiwe. Aliokota makome, akatoboa moja moja kwa msumari, akapitisha waya, akazungusha kaburi lote ili watoto wa watu wasiyachukue kuchezea. Baada ya mwaka wakahamia huku, na Baba akakataza mambo hayo yasitajwe nyumbani. Mbali na mimi, Mama hakumwambia mtu; akatii mpaka Baba alipokufa, na akaendelea kutii.

Umekaa vituo vitatu kabla ya hicho na Mama hakuja kukutazama hata kimoja. Ulipoandika umehamishiwa huko, alianza kufunga kikapu siku ileile. Hukujiuliza?

Wiki hii ndipo aliponieleza: alikuwa akuambie huko huko. Alitaka kwanza apaone. Akakuta makaburi hamna, bahari imekula ardhi yote. Alipekua mchangani mchana kutwa, na jua lile, akapata makome mawili ya Baba. Hayo mengine matano aliyachukua kwa sababu yalikuwa jirani.

Sikuandikii nikukomoe. Ila ulipomuuliza kama anataka kuuza, ulikuwa unamuuliza juu ya makome ya kaburi la mwanawe.

Dada


8 Julai 1993

Dada,

Sina salamu za maana. Niko hai.

Barua yako niliisoma nyuma ya stoo ya maboya. Nilipotoka mkuu wa kituo aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia dada yangu. Akanipa pole, akauliza lini, nikashindwa kujibu.

Nikueleze utaratibu wetu. Tunavyovikamata tunaviweka kwenye ndoo, na kila Ijumaa tunavirudisha baharini. Haturudishi mahali vilipotoka, tunamwaga vyote mbele ya ofisi maji yakiwa yametoka, kwa sababu ni karibu. Ijumaa ile zamu ya ndoo ilikuwa yangu.

Tangu nipate barua natafuta. Kila maji yakitoka kabla ya zamu napiga magoti pale mbele ya ofisi na kijiko cha bustani. Wenzangu walicheka siku ya kwanza, siku ya pili wakaacha. Siku ya kumi na moja nilipata moja. Ndani ya tundu kuna kutu ya waya. Lile la pili sijaliona, na nadhani sitaliona.

Ningeweza kuliweka mfukoni nikapanda basi. Askari hatupekuliwi. Lakini ningefika na kumwambia Mama nini, kwamba yeye nilimfungulisha kikapu na mimi nimepita? Nililipeleka mezani kwa mkuu wa kituo nikamweleza kila kitu. Nikamuuliza: kome ambalo mtu amelitoboa kwa mkono wake na kulizungushia kaburi la mwanawe, bado ni kitu cha asili? Akaligeuzageuza. Akasema katika miaka yake yote hajaulizwa, hawezi kuamua, tuandike makao makuu. Tumeandika. Kome liko kwenye droo yake, lina lebo.

Nimemwomba pia afute lile neno kwenye fomu. Amesema fomu ikishafungwa haifutwi. Ninaruhusiwa kuambatanisha maelezo, basi.

Mwambie Mama nimelipata moja. Mwambie nitalileta likiruhusiwa.

Kitinda


30 Agosti 1993

Dada,

Sijapata jibu lako lakini siwezi kungoja. Makao makuu wamejibu. Wiki saba. Wamesema kitu kilichowekwa na watu kaburini si kitu cha asili kilichookotwa, ni mali ya familia, na familia inaruhusiwa kukichukua. Barua ina muhuri. Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili na kunipa mkono.

Wameweka sharti kibali kichukuliwe na mwombaji mwenyewe, na mwombaji wameandika Mama. Nimewaomba wabadilishe waandike mimi. Ikishindikana, nitakuja kumchukua, nitambeba mgongoni toka stendi. Nimeomba likizo ya mwezi wa kumi. Mwambie avumilie.

Amesema nini aliposikia nimepata lile kome? Hukuniambia. Tafadhali, hata kama ni baya.

Kitinda


14 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Sare zimenishinda, nimezigawia wenzangu. Mama hawezi tena kugeuka peke yake, na shemeji yako na mgongo wake huohuo ndiye anayemwinua nikibadilisha shuka. Mtu huyo nilimsema sana zamani, nafuta.

Nilimwambia Mama kiapo nimekivunja. Alisema, "Ulichelewa." Kisha nikamsomea barua zako zote, kuanzia ile ya benchi, sikuruka kitu. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya shuka. Penye kidole na wino nilisita, akaniambia soma.

Kumbe ile karatasi ya njano hakuwa anaihifadhi kwa kinyongo, kama tulivyodhani mimi na wewe. Alinitaka nimsomee mstari mmoja tu: nguzo ya saba, hatua thelathini kuelekea nchi kavu. Alisema hakuna karatasi nyingine duniani iliyoandika mtoto wake alipo.

Hiki ndicho alichosema nikuandikie. Nimeandika huku akisema, sijaongeza wala kupunguza.

"Mwambie alikuwa kazini. Aliniumiza, na asiambiwe hakuniumiza. Kome asilete. Alirudishe palepale, nilikosea kulitoa, mtoto hana kingine. Mwambie miaka hamsini nilikuwa nalia kwamba Mkubwa hana mtu wake karibu. Sasa anaye. Akipita asimame kidogo."

Baada ya hapo alilala. Njoo usingoje likizo.

Dada


21 Novemba 1993

Dada yangu,

Natumaini nyumba imeanza kupoa. Mpe shemeji salamu, na mwanao mwambie barua yake nimeisoma yote, hata pale paliponishinda nilikisia.

Siku ulipopiga simu ofisini, basi la mapema lilikuwa limeshaondoka. Nilifika mmeshamzika. Nilitaka kusema kitu pale kaburini na wewe ukanishika mkono. Hukunilaumu hata mara moja siku zote tatu. Afadhali ungenilaumu, ningejua pa kusimama. Sasa nimebaki na yale maneno yake kwamba nilimuumiza, na nayashika hivyohivyo kwa sababu ni ya kwake.

Kibali kilikuja wiki iliyofuata, kimebadilishwa, kina jina langu. Nilikitia sahihi kupokea kome, mkuu wa kituo akafungua droo. Aliniuliza nalipeleka wapi, nikamwambia nalirudisha. Alivaa kofia tukaenda pamoja. Nilihesabu hatua thelathini kutoka nguzo ya saba. Siku hizi hatua ya thelathini ni majini maji yakijaa. Nikalifukia kina cha kiwiko kizima.

Napita pale mara mbili kwa siku, nasimama. Sijui niseme nini na Mkubwa, sikumjua. Nilimwambia kwamba Mama amekufa. Siku nyingine nikamwambia habari zako na cherehani.

Jana jioni mama mmoja mgeni alifika mezani na mfuko. Nilipomwaga kwenye beseni nikaliona lile kome, na kutu yake. Maji yalikuwa yamelifukua. Nikamwambia la, hili siwezi kumwachia, akasema ni ganda tupu tu, alitaka kumpelekea mjukuu, akaniuliza, "Kwani lina mwenyewe?" Nikamwambia lina, ni la dada yangu. Aliniangalia sana. Fomu sikuandika. Kulikuwa na foleni na sikuweza kuondoka pale, akasema nimwelekeze, akalirudisha mwenyewe. Nilimwona kwa mbali akihesabu hatua.

Mdogo wako